Shoka Lililojisifu

Mwaka 701 kabla ya Kristo, afisa mmoja wa dola ya Ashuru alisimama nje ya ukuta wa Yerusalemu, kando ya mfereji wa maji, akaanza kuwachongoa wenyeji. Sisemi hotuba. Nasema mchongoano kabisa, ule wa kumchana mtu mbele ya watu wake mpaka wao wenyewe washindwe kuzuia kicheko. Aliwaambia wajumbe wa Mfalme Hezekia kwamba yuko tayari kuwapa farasi elfu mbili, bure, mradi tu wapate watu elfu mbili wa kuwapanda. Akawacheka kwa kuitegemea Misri, akisema ni kama kuegemea mwanzi uliovunjika unaokutoboa kiganja.

Kitabu cha pili cha Wafalme kinamtaja kwa cheo chake tu, Rabshake, yaani mkuu wa wanaomnywesha mfalme. Usidanganyike na cheo. Huyu hakuwa mhudumu wa vinywaji, alikuwa mmoja wa wakubwa wa dola, na nyuma yake kulikuwa na jeshi. Kilichowatia wajumbe baridi si jeshi lakini, ni lugha. Jamaa alikuwa anaongea Kiebrania. Juu ya ukuta kulikuwa na watu wa kawaida wamekaa wakisikiliza kila neno, kwa hivyo wajumbe wakamsihi: tafadhali bwana, tunaomba uongee Kiaramu, sisi tunakielewa. Kiaramu ndicho kilichokuwa lugha ya mambo ya serikali wakati ule, kama vile Kiingereza kwetu kinavyotumika kuandikia mikataba ambayo mwananchi hatakiwi kuielewa. Rabshake akakataa. Akasema hakutumwa kwa wakubwa peke yao, ametumwa pia kwa hao walioko ukutani, maana ndio watakaokula mavi yao na kunywa mkojo wao njaa ikianza. Halafu akapaza sauti zaidi.

Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi na bado inanishtua jinsi huyu mtu alivyojua kazi yake. Alijua siasa za ndani za Yuda. Alijua Hezekia amebomoa madhabahu za vijijini ili ibada yote ifanyike Yerusalemu, na kwamba kuna wenyeji ambao jambo hilo liliwauma, basi akalitumia. Mungu wenu atawaokoa vipi na ninyi wenyewe mmemvunjia madhabahu zake? Kisha akatoa kadi yake kubwa: Mungu huyo huyo wenu, akasema, ndiye aliyenituma nije niiharibu nchi hii.

Ukiwa ndani ya ukuta ule, unamjibu nini? Kwa sababu kulikuwa na mtu ndani ya Yerusalemu, mtu anayeheshimika, mwenye kufika mpaka kwa mfalme, aliyekuwa akisema kitu kinachokaribiana sana na hicho. Jina lake Isaya.

Katika sura ya kumi ya kitabu chake, Ashuru ni fimbo ya hasira ya Mungu. Mungu ndiye anayeituma dhidi ya taifa lililomkosea, ipore, ikanyage watu kama matope ya barabarani. Kufikia hapo nabii na Rabshake wanakubaliana. Lakini Isaya anageuka ghafla na kuingia kichwani mwa mfalme wa Ashuru, anamwachia aongee, na mfalme anaongea kama wafalme wa Ashuru walivyoongea kweli. Anahesabu miji aliyoiteka. Anasema amefanya yote kwa nguvu ya mkono wake na kwa akili yake. Amekusanya mali za mataifa kama mtu anayeokota mayai kwenye kiota ambacho mama ndege amekiacha, na hakuna hata bawa lililopigwa wala mdomo uliolia. Ndipo Isaya anauliza swali la mtu wa karakana: tangu lini shoka likajisifu mbele ya anayelishika? Tangu lini msumeno ukajiona mkubwa kuliko anayeuvuta?

Hiyo ndiyo hoja, na ni hoja ya ajabu ukiipima kwa nguvu zilizokuwepo. Yuda ilikuwa nchi ndogo ya milima, mbuzi na zeituni. Ashuru ilikuwa dola kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kuonekana. Tangu Tiglath-Pileser III aliposhika kiti mwaka 745, mtindo ulikuwa mmoja: lipa ushuru, ukikataa tunakuja, ukikataa tena tunakuhamisha wewe, mke wako na jirani zako mpaka upande wa pili wa dunia, na kwenye nyumba yako tunaleta watu wengine. Ufalme wa kaskazini, Israeli, ulimalizwa hivyo karibu mwaka 722. Sargoni II aliandika kwamba alitoa watu 27,290 Samaria. Waashuru walipenda hesabu. Katikati ya hayo yote, mtu mmoja Yerusalemu anaiambia dola hiyo kwamba ni chombo cha kazi tu, na kwamba aliyekishika akimaliza nacho atakitupa motoni.

Wanahistoria wamegundua jambo tamu hapa: majigambo ambayo Isaya anamwekea mfalme mdomoni yanafanana mno na maandishi ya wafalme wenyewe, yale waliyochonga kwenye kuta na kuyatuma kila pembe ya dola. Yaani Isaya alikuwa ameisikia propaganda yao. Hakuikataa kwa kuiziba masikio. Aliichukua ilivyo, akaacha sifa zote mahali pake, akabadilisha jina la mwenye mkono.

Tunajua majigambo ya mwaka huo wa 701 kwa sababu tunayo. Senakeribu, mwana wa Sargoni, aliyaandika kwenye udongo wenye pande sita, na nakala tatu nzima zimesalia: moja London, moja Chicago, moja Yerusalemu kwenyewe. Anasema aliteka miji 46 yenye ngome ya Yuda, na vijiji visivyo na idadi. Anasema alitoa watu 200,150, namba ambayo wasomi wengi wanaitilia shaka. Hezekia, anasema, alimfungia ndani ya Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Talanta 30 za dhahabu zililipwa, na hapo adui wawili wanakubaliana, maana Biblia nayo inasema 30. Kwenye fedha wanatofautiana: Biblia 300, Senakeribu 800. Kila mtu na risiti yake.

Ila kuna kitu hakipo kwenye maandishi ya Senakeribu. Hasemi aliiteka Yerusalemu. Mfalme ambaye hakuwahi kuiacha sifa ipite, hapa anasema alimzingira mtu, akapokea mali, mwisho. Biblia inasema malaika alitoka usiku akaua Waashuru 185,000. Herodotus, Mgiriki aliyeandika karne mbili na zaidi baadaye, alisimuliwa Misri habari za panya waliotafuna nyuzi za pinde za jeshi la Senakeribu. Wengine wanasema tauni, wengine wanasema malipo yalitosha, wengine wanakumbusha kwamba Taharqa, mtu wa Kushi, Sudan ya leo, alikuwa anakuja na jeshi kutoka kusini. Biblia yenyewe inamtaja kwa jina. Vyovyote iwavyo, Yerusalemu ilibaki imesimama, na kubaki huko kukawa hadithi kubwa.

Sasa hebu tutoke nje ya Yerusalemu kidogo, kwa sababu hapo ndipo mimi huanza kukosa raha na hadithi hii.

Miji 46. Mkubwa kati yake ni Lakishi, mji wa pili wa Yuda, kusini-magharibi, kwenye vilima vinavyoshuka kuelekea pwani. Senakeribu hakuwa na picha ya Yerusalemu ya kubandika, kwa hivyo alibandika Lakishi. Kwenye jumba lake jipya Ninawi, alilosema halina mfano, alitenga chumba kizima na kukizungushia mawe yaliyochongwa kuteka kwa Lakishi. Mwingereza Austen Henry Layard alikifukua katika miaka ya 1840, na leo mawe hayo yako British Museum, hatua chache kutoka kwenye duka la zawadi. Unaona mteremko wa udongo na mawe uliojengwa mpaka juu ya ukuta, magari ya kubomolea yakipanda, mienge ikirushwa. Mteremko huo upo mpaka leo pale Lakishi, wachimbaji waliukuta, pamoja na vichwa vya mishale kwa mamia. Kisha unaona watu wanatoka. Ng'ombe waliokonda mbavu nje wanavuta mikokoteni, wanawake na watoto wamekaa juu ya mizigo, mabegi mabegani. Wanaume watatu wametundikwa uchi kwenye miti. Wawili wamelazwa chini wanachunwa ngozi. Mbele ya hayo yote Senakeribu ameketi kwenye kiti kirefu, mkononi ameshika mshale, anaangalia.

Kilomita chache kutoka Lakishi kulikuwa na kijiji kinachoitwa Moreshethi, na huko alitoka nabii mwingine wa wakati huo huo. Mika. Isaya ni mtu wa mjini, Mika ni mtu wa ushago, na ukisoma mmoja baada ya mwingine tofauti inasikika kama lafudhi. Sura yake ya kwanza ni kilio cha vijiji, kimoja baada ya kingine, na analia akichezea majina yao. Mji ambao jina lake linasikika kama vumbi anauambia ugaegae vumbini. Hii ni orodha ya mtu aliyepita kwa miguu kwenye njia hizo, anajua nani anakaa wapi.

Halafu sura ya tatu. Ungetarajia Mika awalaani Waashuru, si ndio? Wao ndio wenye visu. Lakini anawageukia wakubwa wa taifa lake mwenyewe, na lugha anayotumia ni ile ile ya ukuta wa Senakeribu: ninyi mnawachuna watu ngozi, mnakula nyama yao, mnavunja mifupa yao na kuikatakata kama nyama ya sufuria. Waamuzi wanataka hongo, makuhani wanafundisha kwa malipo, manabii wanatabiri kwa pesa, na bado wote wanasema Mungu yuko kati yetu, hatutapatwa na lolote. Basi kwa ajili yenu, anasema, Sayuni italimwa kama shamba na Yerusalemu itakuwa rundo la mawe.

Kwa mtu wa Moreshethi, fimbo ilikuwa imeanza kupiga kabla Mwashuru hajafika. Hezekia anakumbukwa kama mfalme mwema, na labda alikuwa hivyo. Alichimba handaki la maji chini ya Yerusalemu, zaidi ya mita 500 kwenye jiwe tupu, na bado unaweza kulipita na maji miguuni. Lakini Lakishi haikuokolewa na handaki la Yerusalemu. Mtu anaponiambia mwaka 701 Mungu aliokoa Yuda, huwa nauliza, Yuda gani? Ile iliyokuwa ndani ya ukuta.

Senakeribu alirudi nyumbani, akaishi miaka ishirini zaidi, na mwaka 681 akauawa na watoto wake. Hilo pia linakubalika pande zote mbili. Ukitaka hukumu iliyofika haraka, miaka ishirini si haraka, na dola haikuyumba hata kidogo. Ilizidi kupanuka. Mwanawe Esarhadoni aliingia Misri na kumfukuza Taharqa. Manase, mwana wa Hezekia, anaonekana kwenye orodha ya wafalme ishirini na wawili walioamrishwa kubeba mbao na mawe kujenga jumba la Esarhadoni. Mwaka 663 Ashurbanipal aliupora mji wa Thebes, fahari ya Misri na Kushi. Mzee aliyekuwa kijana juu ya ukuta siku ya Rabshake angekufa akiona Ashuru ina nguvu kuliko alivyoiona mwanzo.

Ndipo anakuja Nahumu. Kitabu chake ni sura tatu tu, na tunajua kiliandikwa baada ya 663 kwa sababu anaiuliza Ninawi: wewe ni bora kuliko Thebes? Ile nayo ilikuwa na maji kama ukuta, na Kushi na Misri nyuma yake, na watoto wake walipondwa kwenye kona za barabara. Baada ya hapo hakuna kufikiri tena, ni kasi tupu. Mjeledi unalia, magurudumu yanatetemeka, farasi wanaruka, maiti zimelundikana hadi watu wanajikwaa. Anauliza pango la simba liko wapi, na hapo anajua anachofanya, kwa maana simba ndiye mnyama wa mfalme wa Ashuru. Ashurbanipal alijaza kuta zake picha zake mwenyewe akiua simba. Laana anazoitupia Ninawi, jeraha lisilopona na kuvuliwa nguo hadharani, zinafanana na laana ambazo Ashuru ilikuwa ikiwaapisha wafalme wadogo wakati wa kutia sahihi mikataba ya utii. Nahumu anairudishia dola karatasi yake.

Kuna wahubiri wanaomkwepa Nahumu, na naelewa. Hana msamaha hata tone. Anamchora mji kama mwanamke wa kudhalilishwa, na hilo sitalitetea. Lakini namsoma kama mtu ambaye babu yake yuko kwenye yale mawe ya Lakishi, kwenye mkokoteni.

Ninawi ilianguka mwaka 612. Wababeli chini ya Nabopolassar na Wamedi chini ya Cyaxares waliizingira miezi mitatu, kwa mujibu wa kibao cha Babeli ambacho C. J. Gadd alikichapisha mwaka 1923. Kibao hicho hakina fimbo wala shoka la Mungu wa Israeli. Kinasema mji ulipigwa vibaya ukageuzwa vifusi. Kwenye lango la Halzi wachimbaji walikuta mifupa ya zaidi ya watu kumi waliokufa wakijaribu kupita, na mishale kati yao. Ndani ya majumba, kuna aliyetembea polepole na patasi. Uso wa Senakeribu kwenye kile kiti cha Lakishi umegongwa ukaondolewa. Uso wa Ashurbanipal umeharibiwa pia, kwenye picha ile maarufu ambapo anakunywa na malkia chini ya mizabibu huku kichwa cha mfalme wa Elamu kikining'inia mtini. Mawe mengine mengi wakayaacha.

Moto uliochoma jumba la mfalme uliunguza kila kitu isipokuwa maktaba, maana ilikuwa ya udongo, na udongo ukichomwa hukomaa. Vibao na vipande zaidi ya 30,000 vimetoka humo, na ndivyo vilivyotufundisha habari za Gilgamesh. Walioichoma ndio waliotuhifadhia.

Kufikia mwaka 401, Xenophon na askari wake Wagiriki walipita kando ya magofu hayo. Akaandika kwamba ulikuwa mji wa Wamedi. Miaka mia mbili na kidogo tu, na jina la Ashuru halikumfikia.

Ungedhani Yerusalemu ilifanya sherehe. Pengine ilifanya. Lakini karibu mwaka 609, miaka mitatu tu baada ya Ninawi, mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, nabii Yeremia alisimama uani mwa hekalu akasema nyumba hii nayo itabomolewa. Umati ukamkamata. Kesi ikasikilizwa langoni, mashtaka yakiwa mtu huyu amelisema vibaya jiji, auawe. Kwa watu hao, mwaka 701 ulikuwa umeshathibitisha kila kitu: Yerusalemu haianguki. Kilichomwokoa Yeremia ni wazee wachache walioinuka wakasema, jamani, kulikuwa na Mika wa Moreshethi, alisema Sayuni italimwa kama shamba, na Hezekia hakumuua. Karne nzima, na kuna mtu alikuwa bado amemkumbuka yule wa ushago, neno kwa neno. Nabii mwingine, Uria, aliyesema maneno hayo hayo, hakuwa na bahati hiyo. Alikimbilia Misri, wakamfuata, wakamrudisha, mfalme akamuua kwa upanga.

Yerusalemu ilibomolewa na Babeli takriban miaka ishirini baadaye.

Na Ninawi ikapata kitabu kingine. Yona kiliandikwa, kwa maoni ya wasomi wengi, baada ya uhamisho wa Babeli, Ninawi ikiwa ni vifusi zamani, na ndani yake mji ule unatubu na kuachiliwa. Nahumu na Yona vyote vinahusu Ninawi, na vyote viwili vinaishia na swali. Nahumu anauliza, nani hajaonja ukatili wako usiokoma? Yona linaulizwa na Mungu mwenyewe: nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Waliokusanya vitabu hivi waliviweka vyote viwili ndani, wala hawakufuta kimoja.

Kaburi ambalo watu wa Mosul walilitambua kuwa la Yona lilikuwa ndani ya msikiti, juu ya kilima cha Ninawi ya kale. Julai 2014 wapiganaji wa ISIS waliulipua, wakiwa na hakika wametumwa. Kisha wakachimba mahandaki chini yake kutafuta vitu vya kuuza. Walipofukuzwa mwaka 2017, wanaakiolojia waliingia humo wakakuta jumba la Esarhadoni, lile la mbao za Manase na wenzake, na kwenye mawe yake maandishi yaliyokuwa bado yanasema yeye ni mfalme wa ulimwengu.